Mende wa Redio Mbovu

Msinicheke, lakini mimi nimewahi kukosa pumzi kwa sababu ya mende.

Mende wa kwenye kadi.

Ilikuwa Jumamosi mchana, kwenye duka dogo linalouza zile kadi za kukusanya na kuchezea. Kule nyuma kuna meza chache, tunashinda hapo watu wazima na ndevu zetu, tunagombana kwa sababu ya majoka ya karatasi. Mke wa mwenye duka anatuita watoto wake wa kufikia.

Siku hiyo nilipangiwa mgeni. Dada mmoja muuguzi, katoka kazini moja kwa moja, sare bado mwilini. Tukamwita Nesi hapo hapo.

Mimi nilikuwa na ukoo wa Majoka. Nilimwona Nesi kama ameshakwisha.

Akachomoa kadi moja, akailaza mezani taratibu.

"Mende wa Redio Mbovu," akasema. "Zamu yako."

Nikaziweka kadi zangu chini.

Jamani, ile kadi haiuzwi. Haijawahi kuuzwa. Kampuni yenye mchezo huu haijui hata kama ipo. Niliisanifu mimi, nikaichapa mimi, nikaikata kwa mkono wangu, na duniani kote ipo moja tu.

Na hiyo moja nilimpa kaka yangu, anayeishi ng'ambo.

"Umeipata wapi hiyo?"

"Cheza kwanza, zamu yako."

"Dada, nakuuliza kwa heshima. Umeipata wapi?"

Hebu nirudi nyuma kidogo, msije mkaniona chizi.

Mchezo wenyewe uko hivi. Kila mtu anachagua ukoo wa kadi: Majoka, Mashujaa, Mizimu, vitu vya maana. Lakini kuna koo mbili ambazo mwenye akili timamu hazigusi. Wadudu, maana wanakufa wakiguswa tu. Na Vyuma Chakavu, ambavyo vikishatupwa jalalani ndiyo basi, huna njia ya kuviamsha. Kampuni ilishazisusa zamani, hata kadi mpya haizitolei.

Kaka alikuwa wa Wadudu. Mimi wa Vyuma Chakavu.

Tulicheza chini ya meza ya mama ya kushonea, vipande vya vitambaa vinatuangukia kichwani. Mechi zetu zilikuwa haziishi. Anashambulia, anakosa. Nashambulia, nakosa. Mama anatuita kula, tunaacha sare. Nilikuwa naamini ni kwa sababu tunalingana, kama mapacha vile.

Mama alipofariki tukabaki wawili tu. Baba hatukumjua, shangazi hakuna, mjomba hakuna. Haukupita muda kaka akaniambia amepata kazi ng'ambo.

Mimi ni msanifu kwenye duka la kuchapisha. Kadi za harusi, kadi za biashara, mihuri, ndiyo riziki yangu. Nikaamua kumtengenezea zawadi ya safari: seti nzima ya kadi zinazounganisha koo zetu mbili. Wadudu wanaoishi ndani ya vyuma chakavu.

Msidhani kazi ni kuchora. Kuchora ni rahisi. Shughuli ni yale maandishi ya chini, yale ya sheria. Ukizidisha kidogo, kadi inakuwa jini, hakuna wa kuizuia. Ukipunguza, inakuwa takataka. Niliandika, nikafuta, nikacheza peke yangu mkono wa kulia dhidi ya wa kushoto, mpaka bosi akaniuliza kama nyumbani kuna matatizo.

Mwisho nikaipata. Mdudu akifa, chuma kimoja kinaamka jalalani. Yaani kufa kwa mmoja ndiyo kunampa mwenzake nguvu. Nilipoliona hilo nilisimama nikacheka kama mwehu.

Kubwa yao ndiyo hiyo ya Mende. Mama alikuwa na redio iliyogoma. Ukiipiga kofi, mende wanatoka mbio, halafu inaimba. Kaka ndiye alikuwa mpiga kofi mkuu wa nyumba. Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Basi chini ya picha nikaandika: "Ipigwe ndipo iimbe."

Sasa kwa haraka zangu, nilipogeuza karatasi nichape upande wa pili, nikaigeuza vibaya. Migongo yote ikatoka kichwa chini. Kosa la mtu aliyeanza kazi jana! Karatasi ngumu ilikuwa imeisha na kaka anaondoka kesho yake. Nikampa hivyo hivyo.

"Dogo, hizi nitazikwa nazo," akasema, akanikumbatia.

Miezi ya mwanzo alikuwa anapiga simu. "Kadi zipo?" namuuliza. "Nalala nazo chini ya mto." Baadaye namba ikawa haipatikani. Nikajipa moyo, ng'ambo, kazi ngumu, maisha. Kila siku yake ya kuzaliwa natuma ujumbe kwenye namba ile ile iliyokufa. Watu wakaniambia niachane naye. Nikawajibu nyie hamumjui kaka yangu.

Haya, turudi mezani.

Nesi aliitoa kadi kwenye kifuko chake cha plastiki, akaigeuza. Mgongo kichwa chini.

"Nilinunua kabati la mtumba kwa jirani yangu mmoja," akasema. "Nilizikuta kwenye droo. Nikamrudishia, akakataa. Akasema chukua tu, hizo ni takataka."

"Jirani? Yukoje?"

"Mrefu. Ana kovu kidevuni."

Kovu lile alilipata kwa kujigonga kwenye mashine ya mama. Nilikuwepo.

"Nipeleke."

"Na mechi je?"

"Iache hivyo hivyo mezani. Tunarudi."

Njia nzima nilikuwa najitungia maneno. Labda amerudi wiki hii. Labda aliumwa. Labda alipoteza namba yangu na ananitafuta. Moyo unanidunda kama wa bwana harusi. Na tulikwenda kwa miguu, jamani. Ng'ambo yenyewe tuliifikia kwa miguu!

Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwenye mtoto begani.

"Samahani shemeji, namuulizia mumeo. Mimi ni mdogo wake."

Akanitazama juu mpaka chini. "Utakuwa umekosea nyumba, kaka yangu. Mume wangu hana ndugu. Tumeoana miaka yote hii, sijamsikia akitaja."

Nyuma yake akatokea kaka, taulo shingoni. Aliponiona akanywea.

"Ingia ndani, mke wangu," akasema. Akatoka nje, akarudishia mlango. Hakunipa hata mkono.

"Ng'ambo imekuwa karibu siku hizi," nikamwambia.

"Dogo, usinianzie."

"Kwa nini ulinidanganya?"

Akashusha pumzi. "Nilichoka. Tangu utoto, mwangalie mdogo wako, mbebe mdogo wako, cheza na mdogo wako. Mama alipofariki nikasema basi, na mimi nipumzike. Ningekuambia nahamia mtaa wa pili, ungenifuata na begi lako."

"Lakini si tulikuwa tunacheza kwa raha zetu?"

"Raha za nani?" Akacheka, kicheko cha mtu aliyekereka. "Mama ndiye alikuwa ananilazimisha. Kila siku! Wenzangu wanacheza mpira nawasikia dirishani. Unadhani kwa nini nilichagua Wadudu? Ndizo zilikuwa kadi mbovu kuliko zote. Nilitaka unifunge upesi, uridhike, nitoke. Na wewe hata kunifunga ulikuwa hujui! Jua linazama, mimi bado nipo chini ya meza!"

Hapo ndipo nilipoegemea ukuta.

Kwa sababu mimi nilichagua Vyuma Chakavu ili yeye ashinde. Niliogopa kwamba akifungwa atachoka kucheza na mimi. Kila shambulio nilikuwa nakosa makusudi.

Mnanielewa? Utoto mzima, watoto wawili chini ya meza, kila mmoja anahangaika kushindwa. Mmoja ili kesho wacheze tena. Mwingine ili aondoke.

Sikumwambia. Ningemwambia ili iweje?

"Na kadi nilizokutengenezea?"

Akatazama chini. "Kila nikifungua droo naziona. Nikaona bora ziondoke na kabati."

"Haya. Nakutakia kila la heri," nikasema. Na wala nilikuwa simtakii.

Nesi alikuwa ananisubiri upande wa pili wa barabara. Tulirudi mpaka dukani, tukakaa pale pale, kadi zipo vile vile tulivyoziacha.

"Zamu yako," akasema, kwa sauti ya chini.

Nikampiga Mende kwa Joka kubwa kuliko yote. Nilimpiga kwa hasira, meza ikatikisika. Mende akafa. Chuma kikaamka. Nikaua nyigu, kikaamka kingine. Nikaua siafu, vikaamka zaidi. Kufumba na kufumbua jalala zima limesimama wima na Majoka yangu hayana pa kukimbilia. Watoto wa kufikia wote wakaacha meza zao wakaja kushangilia. Nilifungwa, tena vibaya, ile ya kutaniwa mwezi mzima.

"Hizi kadi hazijawahi kuniangusha," Nesi akasema. "Aliyezisanifu sijui ni nani. Nimemtafuta sana."

"Ni mimi," nikasema. Halafu nikalia mbele za watu, mtu mzima na ndevu zangu.

Akazikusanya, akanisogezea. Nikazirudisha upande wake. Koo zile mbili hazikuwa dhaifu kama tulivyodhani. Sisi ndio hatukuwahi kuzishika kwa nia ya kushinda.

Sasa wewe unayesoma hapa, kabla hujamtengenezea mtu zawadi ya kumbukumbu, muulize kwanza yeye anakumbuka nini. Mimi sikuuliza, nikapoteza miaka namlilia mtu aliyekuwa anasubiri mechi iishe.

Na wewe unayecheza na mdogo wako kwa kulazimishwa, mwambie leo. Atalia, ndiyo. Lakini atapata muda wa kutafuta mtu mwingine wa kucheza naye.