Kikohozi Kinachobaki Njombe

Hilda alikuwa na wivu, na tuliseme hilo mapema ili tusizungushane. Hakumwonea wivu jirani mwenye gari wala mwenzake wa sokoni mwenye wateja wengi. Alimwonea mdogo wake wa tumbo moja, Dainess wa Makambako, na kisa chenyewe kilikuwa kifua cha mama yao.

Mama yao, Bibi Oliva, aliishi kwa Hilda mjini Njombe, na huko alikohoa. Akienda kwa Dainess wiki mbili, anarudi hana hata chafya. Akikaa Njombe siku nne, mambo yanaanza upya: koo linakwaruza, pumzi zinabana, usingizi unakwisha.

"Anakupa nini kule?" Hilda alimuuliza kila aliporudi.

"Chai tu, mwanangu."

"Chai hata mimi naijua."

Roho ilimuuma. Nani alimshinda kwa kulea? Alimnunulia mama blanketi zito, akamchemshia maji ya kuoga asubuhi na jioni, akamchinjia kuku. Na kwa kuwa baridi ya Njombe haina adabu, akaziba matundu ya hewa juu ya dirisha kwa masweta yaliyochanika, kisha akapigilia nailoni dirishani. Masweta hayakumpa shida, maana ndiyo biashara yake: mitumba ya sweta, anaifua kwanza ndipo aipeleke sokoni. Nje kuna ukungu, hakikauki kitu, kwa hiyo kamba alizifunga chumbani kwa mama, chumba chenye joto kuliko vyote. Hata kabati kubwa, aliloagiza kwa fundi baada ya kuliona la Dainess, alilisukuma humo mpaka likagusa ukuta. Harufu ilikuwepo. Yeye alisema ni ya mitumba.

Mwezi wa saba mama alifika Makambako pumzi zikimpaa, akashindwa hata kusalimia. Dainess akamkimbiza hospitali ya Ilembula, kisha ndipo akapiga simu. Hilda alisikia jambo moja tu: kwamba hakuulizwa. Kesho yake hakufungua meza yake sokoni. Alifika Ilembula amevimba kwa hasira.

"Kamwene, dada," Dainess alimsalimia.

Hilda hakuitikia. Kwa Mbena, kuachiwa "kamwene" hewani ni kama kupigwa kofi, na ndivyo alivyokusudia.

Daktari, mwanamke kijana mwenye sauti ya upole, aliuliza, "Bibi huwa analala wapi?"

"Kwangu," Hilda akasema, huku akimtupia Dainess jicho. "Chumba changu hakipitishi upepo hata kidogo."

"Na nguo mnaanika wapi?"

"Humo humo."

"Na kabati limo? Nyuma yake, dada, umewahi kutazama?" daktari akauliza.

Hilda hakuwahi. Aliyejibu ni mama, kutoka kitandani. "Peusi. Peusi kama chungu, na pameota manyoya."

Daktari akaeleza bila kumgombeza mtu. Hiyo ni kuvu. Unyevu ukikosa pa kutokea unakaa ukutani, kuvu inaota, na chembe zake zinapeperuka mpaka kifuani. Mwingine hatasikia kitu, lakini mtu mwenye umri wa bibi na kifua chepesi anabanwa. Dawa atapewa, ila zitafanya kazi nusu akirudi mle. Matundu yazibuliwe, nguo zitoke, ukuta usuguliwe na ukauke.

"Mama, ulijua?" Hilda aliuliza.

"Tangu masika."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekwambiaje? Ningesema chumba chako kinaniumiza, ungesema Dainess kanifundisha. Nikawa nakohoa kwenye mto, usisikie."

Hilda aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Jioni yake walipomtoa mama, yeye ndiye aliyebeba begi mpaka Makambako, akalikabidhi mlangoni. "Atakaa kwako," alimwambia mdogo wake. Maneno mawili, na yalimkwaruza koo.

Kesho yake mchana mama alilala kando ya dirisha lililo wazi, upepo wa Makambako ukichezea pazia. Dainess akamletea dada yake chai, akaenda zake jikoni. Hilda akasimama mlangoni na kikombe chake. Alijua la kufanya: arudi, azibue matundu, avute kabati, asugue ukuta, na angelifanya.

Lakini hakuondoka. Alisimama akisikiliza, na baada ya muda akagundua anachosubiri. Alikuwa anasubiri mama akohoe. Mara moja tu, ili kwa Dainess napo paonekane pana kasoro. Chai ikapoa. Mama akaendelea kupumua taratibu, bila mkwaruzo wowote, na Hilda, ambaye hakumpenda mtu duniani kama alivyompenda yule mama, akaumia.