Filamu ya Gauni Jeupe

Mwaka wa 1966, nikiwa na miaka tisa, ndipo shida ilipotushika, na ililetwa na mchekeshaji. Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu kijana amesimama jukwaani akitukana watu waliolipa kuja kumsikia. "Nyanya, enzi zenu mlikuwa na hawa?" Nikamwambia tulikuwa naye mmoja, na hawa wako wote hawamwezi.

Alikuja Nyamira na gari la sinema. Shuka lilitundikwa kwenye ukuta wa duka la nguo, jenereta ikanguruma, moshi wake ukachanganyika na harufu ya mahindi ya kuchoma. Filamu zilikuwa za Kiingereza, na sisi Kiingereza tungekijulia wapi? Basi yeye alishika kipaza sauti akawasemea Wazungu wote kwa lugha yetu ya Ekegusii, waume kwa wake, hadi mbwa. Mchana alikuwa ameshinda sokoni akiokota maneno ya watu. Jioni unamwona Mzungu mnene anaanguka kutoka kwenye ngazi, analia kwa sauti ya karani wetu wa soko! Hiyo ya ngazi ndiyo bora. Inafuata ya bwana harusi aliyekalia keki. "Ng'ombe wote hao wa mahari, halafu unakalia ugali wa wenyewe?" Tulicheka hadi tukakaa chini.

Ya tatu ndiyo iliyotufukuza.

Mama aliuza uji wa wimbi sokoni, kitambaa cha buluu kichwani. Baba alikuwa amekufa, na nyanya, mamake baba, alitaka shamba letu liende kwa baba mdogo. Mchana ule nilimwona nyanya amekaa na mchekeshaji, anammenyea ndizi, anamnong'oneza. Nikafikiri ni ukarimu tu.

Jioni, kwenye shuka akatokea Mzungu mwanamke, gauni jeupe la kulalia, anakimbia gizani miguu mitupu.

"Jameni! Huyu si yule mjane wa uji? Wa kitambaa cha buluu! Mama, mbio hizo za wapi? Bwana umeshammaliza, sasa unamwendea nani?"

Mama alikuwa ameshaanza kucheka. Mdomo ukabaki wazi. Watu walicheka, kisha wakageuka kumtazama, na kicheko kikafa. Kwetu anayekimbia usiku ni mchawi, hakuna cha kuuliza zaidi.

Kesho yake hakuna aliyenunua. Uji ukamwagiwa kuku. Jirani akawafokea wanawe, "Tokeni hapo! Mnataka kufa kama baba yao?" Kabla ya wiki kwisha, paa letu la nyasi likawashwa moto. Nyanya, Msabato ambaye Jumamosi hakukosa kanisani, alisimama uani akamwambia mama, "Mke wa mwanangu, si mimi niliyesema. Ni sinema."

Tuliondoka na sufuria ya uji. Shule niliiachia darasa la pili, nikachuma chai ya watu huko Itumbe hadi vidole vikawa vyeusi.

Miaka ya sabini ikielekea kwisha, nilikuwa na hoteli yangu Sironga. Mchekeshaji akaingia, koti limechanika, gari la sinema halimtaki tena.

"Mama, nikupe kichekesho, unipe chai?"

"Nipe ya gauni jeupe."

Akaifanya yote: mbio, kitambaa, bwana aliyemalizwa. Alikuwa hodari bado. Wateja walipiga meza kwa kucheka. Nyuma ya pazia mama alikuwa anakoroga uji, nikasikia mwiko umesimama.

"Huyo mwanamke alikuwa nani?" nikamwuliza.

"Ah, nani anajua, mama? Kikongwe fulani alinipa ndizi."

Nikajaza kikombe, maziwa mengi, sukari juu. Nikakipeleka mlangoni, nikawamwagia kuku.

"Sasa cheka," nikamwambia.

Ukuta ule wa duka la nguo ulibomolewa. Majina ya zile filamu sikuwahi kuyajua, na siku hizi hakuna hata wa kumwuliza. Ile ya ngazi ningeitazama tena hata kesho.

Leo nina ekari mbili za chai. Nina ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, nyumba ya mawe, hoteli, na televisheni ya wajukuu. Nina kaburi la mama, la simiti, katika ardhi niliyoinunua mwenyewe, maana kule kwa baba walikataa kuzika mchawi.