Mkata Video za Muuguzi

Kazi yake ni kukata matangazo ya moja kwa moja ya muuguzi mmoja yawe video fupi za mtandaoni. Muuguzi huongea saa mbili nzima, mkata video hutelezesha kidole gumba juu ya simu, akilamba midomo, akinong'ona, "Hapa pana moto." Juzi muuguzi alionya, "Msidhani mnaweza kuacha dawa za presha." Mkata video akabakiza, "Mnaweza kuacha dawa za presha," akatia na muziki. Leo mama yake kampigia simu.

"Mwanangu, yule muuguzi wako kasema tuache dawa. Siku ya tatu hii sijameza, kichwa kinanipasuka."

"Mama, meza sasa hivi!"

Simu ilipokatika, akamzuia mama yake asiuone tena ukurasa wa muuguzi. Video yenyewe hakuigusa. Watu walikuwa wanaipenda.