Sumaku Mbili Chini ya Leso

"Na sumaku za bangili mbili zikikaribiana?" Wambui aliniuliza, akijaribu bangili ya shanga niliyomtengenezea kwa ngurario yake, harusi ya Kikuyu. Mimi wa digrii, ninayebishana hata na utabiri wa mvua, nilimwapia tu kwamba kifungio cha sumaku ndicho bora, hakiachii.

Siku yenyewe, kwao Kawangware, wasichana tulifunikwa leso gubigubi ili Kamau, bwana harusi, amtambue bibi harusi kati yetu. Akishika mwingine, angeaibika mbele ya wakwe. Nilisimama kando ya Wambui nimevaa bangili kama yake, kutangaza kazi yangu, ingawa chini ya leso sijui nani angeiona. Mara bangili zikanasana.

"Wachana na mkono wangu!" Wambui akanong'ona.

"Siwezi, zimeshikana!"

Tukavutana. Kamau akasimama, akamshika Wambui, akamvuta. Nami nikaburutwa nyuma yake, leso ikaanguka, nikabaki nimetoa macho mbele ya hema zima.

"Kamau, umepewa wawili kwa mahari ya mmoja!" shangazi mmoja akapaza sauti.

Walicheka hadi machozi. Mimi nilipumua, kwa sababu Kamau alikuwa amempata bibi harusi wake.

Baadaye sana Kamau aliniambia kwamba siku hiyo alikuwa amepotea kabisa. Aliona tu leso mbili zikigombana, akajua penye ugomvi Wambui wake hawezi kukosa.