Mzabibu Aliokata Shangazi Anezina

Baba yangu alipokwenda kufanya kazi melini, shangazi yangu Anezina ndiye aliyebaki na mizabibu. Majirani wengi wameshawauzia wenye hoteli mashamba yao. Yeye bado anainama shambani.

Hapa kisiwani Santorini mzabibu hausimamishwi kwenye nguzo, upepo utaumaliza. Tunausuka chini kama kikapu, zabibu zinakaa ndani zimejificha. Kikapu kikizeeka unakikata chote, mizizi inachipua upya, unaanza kusuka tena. Mizizi mingine ni ya watu ambao hata majina yao hatuyajui.

Ule wa kando ya ukuta babu alianza kuusuka mwaka aliooa. Macho yake yalipozimika na miguu kukataa, alimwambia shangazi, "Ule ukate sasa. Ila ngoja mvua inyeshe kwanza."

Mvua ikachelewa. Shangazi alikuwa na mingine mingi ya kupogoa, akaona ni yale yale, akakata. Baridi ilipokwisha, kisiki kilikuwa kikavu. Kila asubuhi nilimwona akikigusagusa.

"Umechipua?" babu akauliza.

"Umechipua, baba."

Tangu hapo, kila mavuno anaomba kishada cha zabibu kwa jirani yetu Markezos, anamlisha babu. Markezos mwenyewe akija kunywa kahawa, babu humtania. "Zako kali kama siki! Ndiyo maana divai yako wanainywa watalii tu. Onja hizi zangu."

Markezos anaonja zabibu zake mwenyewe. "Umenishinda, mzee." Shangazi anakimbilia jikoni.

Mwaka huu babu akasema mbele ya Markezos, "Shamba nampa Anezina. Huyo wa melini asahau. Aliyefufua mzabibu wangu ndiye mwenye shamba."

Shangazi alitoka jikoni na mikono imejaa unga.

"Baba, haukuchipua."

"Nini?"

"Sikungoja mvua. Ulikufa. Hizi unazokula ni za Markezos."

Babu aligeuza uso kule alikosikia kikombe. "Zako?"

"Zangu, mzee. Nisamehe."

"Na ulikuwa unakaa hapo nikizitukana, kimya?"

Markezos alicheka kidogo, akaona anacheka peke yake, akaacha.

"Kuni za ule mzabibu ulizifanyia nini?" babu akauliza.

"Nilichomea mkate wa Pasaka."

"Nikaula?"

"Ukaula, baba. Ukaomba na mwingine."

Babu alikuwa na zabibu moja kati ya vidole. Aliirudisha kwenye sahani taratibu, akiitafuta sahani kwa mkono wa pili.

"Shamba tuliache kwanza," akasema. "Yule wa melini akirudi, tutaongea."

Shangazi alilowesha kitambaa, akapiga magoti amfute vidole kama anavyomfuta kila siku akimaliza kula. Babu alikunja ngumi. Shangazi akaifuta hivyo hivyo, kwa juu, huku unga wake ukimwachia babu madoa meupe mkononi.