Walivyosafisha kinamasi kumpokea mtafiti wa bakteria, nusura kazi yake yote ipotee

Wakuu, habari za muda huu. Vuteni viti.

Hili sikusimuliwa, nilikuwepo. Anayebisha anitafute hapa mjini Mpemba nimpeleke mwenyewe mpaka eneo la tukio.

Mimi ni dereva. Nina Prado ya kizamani, wananikodi wanaokwenda kule ambako gari ndogo zinaogopa, Chitete na kwingineko. Abiria wa kila namna nimebeba, ila anayebeba tope kwa heshima nilikuwa sijamwona mpaka nilipokutana na Dokta Neema.

Huyu dada ni mtoto wa wakulima wa kahawa hapahapa Mbozi, anafundisha chuo. Kazi yake ni kutafuta bakteria ambao dunia haijawahi kuwatambua.

Mara ya kwanza nilimpeleka kwenye kinamasi kimoja bondeni, upande wa kata yetu ya Ruanda, si ile nchi. Akavaa gambuti, akazama mpaka magotini, akachota tope jeusi linalonuka mayai viza, huku anatabasamu kama mtu aliyeletewa pilau. Nikajisemea, elimu nayo ikizidi!

Njiani nikamuuliza anajuaje kama bakteria ni mpya. Akanieleza mpaka nikaelewa, na mimi shule niliiacha katikati. Kijiko kimoja cha tope kina wadudu wa kila aina, kama gunia la maharage mchanganyiko. Anawaotesha lab, anawachambua, anarudia tena na tena mpaka abaki na aina moja tu. Halafu anasoma DNA yake na kuilinganisha na ya waliokwishajulikana. Asipofanana na yeyote, ndio anatafutiwa jina na ukoo.

Basi, akampata mmoja. Hafanani na mtu!

Sasa sikilizeni. Ili jina likubalike, lazima bakteria mwenyewe apelekwe akiwa hai kwenye hifadhi za nchi mbili tofauti, ili mwingine akitaka kuhakikisha amkute. Kabla hajampeleka, umeme ukakatika chuoni wikiendi, na jenereta likagoma. Mashine za kuwatunza zikazima, wote wakafa. Dokta akabaki na maelezo tu, na maelezo matupu hayapewi jina.

Akanipigia. "Kaka, turudi Ruanda."

Kwa adabu zake, akampigia kwanza mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Mwashiuya, kumwambia anakuja. Wakuu, mnajua huku kwetu mgeni mwenye cheo akitoa taarifa kinachofuata ni nini.

Usafi!

Tulipofika sikuamini. Matete yamefyekwa. Utando wa juu umeondolewa, tope limechotwa, pembezoni wamepanga mawe yaliyopakwa chokaa utadhani ofisi ya mkuu wa wilaya. Chokaa iliyobaki wameimwaga majini, ati maji yang'ae. Na Mzee yuko pale na koti lake, yeye na wananchi wake, wanapiga makofi.

Kumbe chokaa huwaua wadudu wa namna ile. Dokta alichuchumaa ukingoni. Niliumia jamani. Ningekuwa mimi ningetukana.

Yeye akainuka, akafuta macho kwa mkono wa shati, akawashika mikono mmoja mmoja. "Mzee wangu, mmeniheshimu sana. Asanteni." Ndipo akauliza kwa upole, "Na lile tope mlilotoa, mlilipeleka wapi?"

Mama Ezekia, ambaye shamba lake linapakana na bonde, akanyoosha mkono. "Mwanangu, mimi nimelirundika kwenye migomba yangu. Nimekosea?"

Weee! Dokta alitoka mbio na gambuti zake, sisi nyuma.

Rundo juu limekauka mpaka limepasuka. Akachimba kwa mikono. Ndani bado bichi, jeusi, na ile harufu ipo palepale. Akatueleza kwamba mdudu wake hapendi hewa, kwa hiyo kule katikati anaweza kuwa mzima, na chokaa haikumfikia kwa sababu tope lilitolewa kabla haijamwagwa. Alijaza chupa pomoni, asiache nafasi ya hewa, akazikumbatia njia nzima huku ananigombeza kila shimo.

Miezi ikapita kimya. Siku moja simu ikaita, nikasikia Dokta analia na kucheka kwa pamoja.

Ameota! Ni yuleyule!

Sasa ana jina, na wamelitoa kwenye jina la lile bonde. Dokta alirudi mwenyewe kuwatangazia kwenye mkutano wa kitongoji. Watu walishangilia, halafu Mama Ezekia akasimama: "Kumbe migomba yangu nilikuwa nairundikia watu wenye majina yao!" Mkutano uliishia hapo, kila mtu ameshika mbavu.

Mzee naye ameweka kibao: MARUFUKU KUSAFISHA HAPA. AMRI YA MWENYEKITI. Mawe ya chokaa kayaacha. Anasema mgeni lazima aone amekaribishwa.

Nilichojifunza ni hiki. Siku ile wangefokewa, nani angethubutu kusema tope liko wapi? Mama Ezekia angenyamaza, na yule bakteria angeishia kuwa mbolea ya ndizi. Elimu ya yule dada naivulia kofia, ila asante yake ndiyo iliyomrudisha mdudu.

Wakuu wa maabara, nirekebisheni nilipopotoka. Na wengine semeni ukweli: mgeni akija kwenu, huwa mnakimbilia kusafisha nini?