Funguo Juu ya Boneti

Simu ya dada yangu ilinikuta Al-Suwaidi, Riyadh, nikipiga pasi shati. Alikuwa hospitalini Machakos. "Mama anakuulizia kila saa. Kuja, Kioko. Usingoje nikupigie tena." Nilielewa alichokuwa anakataa kusema. Lakini pasipoti yangu ilikuwa kwa kafili, tajiri aliyenileta Saudia kuendesha lori, naye alikuwa Jeddah. Bila ruhusa yake, sitoki. Nikaomba safari ya kwanza ya kwenda huko.

Kulipopambazuka tukaondoka na shehena ya mashine za AC. Mwenzangu alikuwa Mhindi wa Kerala mwenye mvi, tuliyemwita Cheta, yaani kaka mkubwa kwa lugha yao. Tulielewana kwa Kiingereza cha kuokoteza na Kiarabu cha kazi. Nyuma ya kiti aliweka sanduku jekundu lenye sari ya binti yake, anayeolewa Jumapili. Likizo yake ilikuwa imeshakubaliwa.

Jangwani, ili nisiiwaze ile simu, nikamwambia kwamba shuleni tulikariri sababu za kukua kwa utaifa India: ukandamizaji wa Waingereza, elimu yao, Kiingereza, reli.

Cheta akacheka. "Reli? Waliijenga wabebe pamba yao."

"Mwalimu alisema iliwakutanisha watu."

"Babu yangu alikuwa hamali stesheni. Mahamali wale hawakuwa wakila pamoja, kila mtu na tabaka lake. Siku moja askari wakamkamata mwenzao kwa kuvaa kitambaa kilichofumwa nyumbani, alama ya kuwagomea Waingereza. Babu akatua gunia, akakaa chini. Wakakaa wote. Treni haikuondoka."

"Halafu?"

"Babu akafungwa."

Nikajuta kuuliza.

Kila kizuizi cha polisi kilitusimamisha. Wakizitazama ikama zetu, vibali vya kuishi, dakika zilikuwa hazipiti. "Yalla, yalla," tukaruhusiwa. Baada ya Taif, bango likatuelekeza tusio Waislamu tuzunguke nje ya Makka. Mkristo na Mhindu tukakata kona. Simu ilikuwa kimya, na huo ukimya uliniogopesha kuliko mlio.

Jeddah tulipokelewa na joto zito la bahari. Yadini malori yalisubiri kutoka: Wakenya upande wao, Wahindi wao, Wapakistani wao. Sisi tuliamini Wahindi ni vipenzi vya bosi, na wao waliamini hivyo hivyo juu yetu. Nilipomwomba pasipoti, kafili hakuinua hata macho.

"Pasipoti mafi, hakuna. Bukra. Kazi mingi."

"Bosi, mama yangu anakufa."

"Bukra!"

Bukra yake, yaani kesho, ilikuwa haina mwisho, sote tulijua. Nilitoka nikamweleza Cheta. Akanitazama usoni, akazima lori, akaweka ufunguo juu ya boneti na kukaa kivulini. Kugoma kule ni jela au kufukuzwa.

Dereva mmoja Mkisii akaninong'oneza, "Huyo mzee anafanya nini?"

"Anangoja pasipoti yangu."

Akaguna, akaenda kuzima lori lake. Akafuata Mpakistani mmoja, kisha Wahindi. Funguo zikawa juu ya boneti yadi nzima. Kafili akatoka na simu mkononi, nami nikajua anaita polisi. Akayaangalia malori, moja baada ya jingine. Mizigo ya wateja ilikuwa ndani. Akairudisha simu mfukoni.

Pasipoti nikapewa, na ruhusa ya kutoka. Kisha akamnyooshea Cheta kidole. "Wewe, likizo halas, kwisha!"

"Kaka, mwombe msamaha," nikamsihi. "Sema ni mimi niliyekuchochea."

"Binti ana wajomba wa kumwoza," alisema, akiuchukua ufunguo wake. "Nenda." Sanduku jekundu lilibaki nyuma ya kiti.

Nilifika Machakos nikamkuta Mama amekonda, lakini akanishika mkono kwa nguvu. Shuleni tulipewa alama kwa kutaja reli. Sasa najua kwamba tajiri anaweza kuwakusanya watu ili wambebee mizigo, na bado wasiwe kitu kimoja mpaka mmoja wao akubali kukaa chini kwanza. Nikamsimulia Mama yote, hata sanduku lile.

"Na huyo binti anaolewa lini?" akaniuliza.

"Leo, Mama."